Umeme Umekatika Ghafla Kwenye Boti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu vyombo vidogo na vya kati vinavyotumia umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri: boti za faiba za uvuvi na za kubebea watalii, mashua na majahazi yaliyofungwa mashine, pamoja na boti za Ziwa Victoria. Mwenye mfumo wa volti 24 azidishe namba za volti mara mbili. Hatua zenyewe ni zile zile. Aliye majini sasa hivi asome sehemu ya kwanza. Aliyekwisha kutia nanga mahali salama anaweza kuanzia sehemu ya pili.

## Dakika za mwanzo

1. Kila kitu kimezimika kwa pamoja tukiwa safarini. Tuanzie wapi?

Anzeni na chombo, umeme ufuate. Boti haizami kwa sababu ya kukosa umeme, lakini inaweza kusukumwa hadi kwenye mwamba wakati watu wote wameinama juu ya betri. Kwa hiyo nahodha amteue mtu mmoja tu wa kushughulikia umeme, mwingine abaki kwenye usukani akitazama mbele, na kila aliyemo avae jaketi la kujiokolea hata kama bahari ni shwari.

Ikiwa mashine nayo imekufa na kina kinafikika, tieni nanga mara moja. Katika mkondo kati ya Unguja na Bara jambo hilo mara nyingi linawezekana. Kati ya Pemba na Bara, ambako kina ni mamia ya mita, nanga haitagusa chini. Hapo fungeni ndoo au turubai kwa kamba ndefu na kuitosa kutoka omo (mbele ya chombo), ili chombo kikabili mawimbi na kisichukuliwe upesi. Kumbukeni kwamba mkondo wa bahari katika pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima na hushika kasi zaidi wakati wa kusi, hivyo saa moja ya kungoja inaweza kuwapeleka mbali kuliko mnavyodhani.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo yanapokusanyika maji. Pampu ya kutoa maji hutumia umeme ule ule uliokatika, na chombo kinachovuja kidogo kila siku bila mtu kujali huanza kujaa tangu dakika ile. Mtu mmoja achungulie ngama na kuanza kufua maji kwa upo au ndoo mapema, kabla maji hayajafika kwenye betri.

Baada ya hayo, zimeni kila kifaa kwa swichi yake. Kama betri bado ina nguvu kidogo, nguvu hiyo itahitajika kwa redio na stata.

2. Je, mashine itaendelea kufanya kazi bila betri?

Inategemea aina yake, na kila nahodha anapaswa kulijua jibu la chombo chake kabla ya kuondoka pwani. Mashine nyingi za kupachika za stroki mbili, hasa zile za nguvu farasi 15 hadi 40 zinazotumiwa na wavuvi wengi, hutengeneza cheche za plagi kwa sumaku zilizo ndani ya gurudumu lake. Mashine ya namna hiyo haihitaji betri ili iendelee kuunguruma, na unaweza kuiwasha kwa kamba. Mashine kubwa za stroki nne zinazonyunyiza mafuta kwa kuongozwa na kompyuta kwa kawaida huhitaji umeme wa betri, na volti zikishuka mno huzimika. Dizeli ya zamani yenye pampu ya mafuta ya kimakanika huendelea kufanya kazi bila umeme, isipokuwa kwa hali inayoelezwa kwenye swali la 17.

Kutokana na hayo, kanuni ni moja: kama taa zimekufa lakini mashine bado inaunguruma, usiizime. Elekea bandarini au kwenye kinga ya upepo kwanza, ukakague huko.

Hali ikiwa kinyume, yaani taa na redio zinawaka lakini mashine imekufa, tatizo huenda halipo kwenye betri kabisa. Angalia kwanza ile kamba ya usalama inayofungwa kwenye mkono wa nahodha. Ikichomoka, mashine huzimika kama ilivyokusudiwa, nami nimewaona watu wakifungua plagi zote kabla ya kuitazama.

3. Ni usiku na hatuna taa za chombo. Tufanye nini ili tusigongwe?

Shika tochi nyeupe mkononi muda wote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinakiruhusu chombo cha makasia, na hata chombo cha tanga kisichofika mita 7, kutumia tochi au taa nyeupe iliyo tayari kuonyeshwa kwa wakati unaotosha kuzuia mgongano. Chombo chenu kilichokosa umeme kwa sasa kina hali inayofanana na hiyo.

Maneno "kwa wakati unaotosha" yana uzito. Meli ya abiria iendayo maili 30 za baharini kwa saa hukata maili moja kwa dakika 2. Usisubiri hadi usikie mngurumo wake. Imulike tanga, turubai au ubavu wa boti yako, kwa sababu eneo kubwa jeupe huonekana kwa mbali kuliko balbu ya tochi yenyewe. Wakati mwingine ondokeni kabisa kwenye njia inayopitiwa na meli, hata kwa makasia.

4. Redio ya boti imekufa. Tunaombaje msaada, na wakati gani?

Redio ndogo ya mkononi yenye betri yake ndiyo dawa ya hali hii. Itumie kwenye chaneli ya 16. Kama maisha yako hatarini, tamka "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo, mahali mlipo, idadi ya watu na shida yenyewe. Kama mmekwama lakini hakuna hatari ya papo hapo, tamka "Pan-pan" mara tatu. Panapo mtandao wa simu, namba 112 ni ya dharura Tanzania na Kenya, na vituo vya kuratibu uokoaji majini vipo Dar es Salaam na Mombasa.

Simu hupokea mahali ilipo kutoka kwenye satelaiti hata pasipo na mtandao. Fungua programu ya ramani au dira, andika digrii za latitudo na longitudo kwenye karatasi pamoja na saa, na urudie kila baada ya nusu saa. Vipimo viwili vya namna hiyo humwonyesha mwokoaji mlipo na mnakoelekea. Punguza mwangaza wa simu, na zima nyingine zote ili ibaki akiba.

Kuhusu wakati, ombeni mapema. Kama maji yanaongezeka, kama jua linakaribia kuzama, au kama mnasukumwa kuelekea mwambani, msingoje kumaliza ukaguzi. Chombo kinachopita mchana kinaweza kuitwa kwa kuinua na kushusha mikono yote miwili iliyonyooshwa pembeni, polepole na kwa kurudia. Ni ishara ya dharura inayotambuliwa kimataifa.

## Kutafuta chanzo

5. Sina mita ya kupimia umeme wala fundi. Nikague nini, na kwa utaratibu gani?

Jiulize kwanza ni nini kilichokufa na ni nini kilichobaki hai. Kwenye boti nyingi pampu ya ngama huunganishwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake. Kama pampu hiyo inazunguka ilhali vingine vyote vimekufa, betri ina nguvu, na tatizo liko mbele yake: kwenye swichi kuu, fyuzi kuu au waya unaokwenda kwenye bodi ya swichi. Kama ni kifaa kimoja tu kilichokufa, usiguse betri. Kagua fyuzi na waya wa kifaa hicho.

Kisha fuata njia ya umeme kuanzia kwenye betri kuelekea kwenye vifaa, na si kinyume chake. Shika kila kibanio cha kichwa cha betri na ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umepata mtuhumiwa wa kwanza. Zungusha swichi kuu mara kadhaa (ukiwa umesoma swali la 8). Itazame fyuzi kuu. Mwisho fuata waya mweusi wa ethi, yaani wa hasi, kutoka kwenye betri hadi kwenye mashine na kwenye bodi. Watu hufuata waya mwekundu kwa bidii na kusahau kwamba umeme unahitaji njia ya kurudia. Waya mmoja wa ethi ukiachia, boti nzima huzimika sawa na betri ilivyoondolewa.

6. Mita inaonyesha volti 12.6 lakini hakuna kinachowaka. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko yote, kwa kuwa wengi huishia kununua betri wasiyoihitaji.

Mita hunyonya umeme kidogo mno. Kama kibanio kimeliwa na chumvi hadi uzi mmoja tu wa shaba unagusa, uzi huo unatosha kuipa mita kipimo kizuri. Ukiwasha taa au stata, umeme unaohitajika ni mwingi, uzi ule hauwezi kuupitisha, na volti huanguka karibu na sifuri. Ukizima, volti 12.6 zinarudi kwenye mita. Mafundi wa pwani wana msemo wa kweli hapa: volti zipo, moto haupo.

Kwa hiyo pima huku umeme ukitumika. Chombo bora cha kazi hii ni balbu ya gari ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili ndefu. Hunyonya takriban ampea 1.75, kiasi kinachotosha kuufichua mwunganisho mbovu. Gusa kwanza vichwa vya betri vyenyewe, yaani ile risasi, usiguse kibanio. Ikiwaka vizuri, betri ni nzima. Hamia kwenye vibanio, kisha upande wa pili wa swichi kuu, kisha upande wa pili wa fyuzi, halafu kwenye bodi. Pale balbu inapofifia ndipo umevuka mahali palipoharibika.

Mwenye mita anaweza kufanya jambo hilo kwa njia nyingine. Weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya kichwa cha betri na nyingine kwenye kibanio chake, kisha mwenzako ajaribu stata. Kipimo kinapaswa kubaki karibu na sifuri. Kikifika nusu volti au zaidi, kibanio hicho kinakunyima umeme.

Niliwahi kuitwa kwenye boti ambayo mwenyewe alikuwa amenunua betri mpya mbili ndani ya mwezi mmoja. Kilichokuwa kimeoza ni kichwa cha waya wa ethi, chini ya mashine, mahali pasipoonekana bila kulala kifudifudi. Ilihitajika spana moja na kipande cha msasa.

7. Nizisome vipi namba za volti?

Betri ya tindikali iliyopumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumika husoma volti 12.6 hadi 12.8 ikiwa imejaa, karibu 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 11.8 ikiwa imekwisha. Mashine ikizunguka na kuchaji, tarajia 13.8 hadi 14.4. Ikibaki kwenye 12 na pointi kadhaa, betri haichajiwi na mnakula akiba. Ikipita 15, kidhibiti cha chaji kimekufa na betri inachemshwa. Wakati stata inazungusha mashine, volti hushuka. Zikienda chini ya 9.6 kwenye vichwa vyenyewe, betri ni dhaifu.

8. Je, ni sawa kuzungusha swichi kuu wakati mashine inafanya kazi?

Kuhama kutoka betri ya kwanza kwenda ya pili kwa kupitia alama ya "zote mbili" kwa kawaida hakuna madhara. Kuipitisha kwenye "zima" mashine ikiwa inachaji ni hatari: alternata (jenereta ya mashine inayochaji betri) hukosa pa kupeleka umeme wake, volti hupanda ghafla, na diodi zake zinaweza kuungua papo hapo. Zima mashine kwanza. Kama hutaki kuizima kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 2, iache swichi ilivyo.

Swichi hizi nazo huoza ndani. Ikiwa umeme unarudi unapoibonyeza au kuitikisa, shaba ya ndani imeungua. Kwa dharura unaweza kuhamisha nyaya nene mbili za swichi kwenye skrubu moja, mradi kuna fyuzi kuu kwenye njia hiyo na umefunga kwa nguvu.

9. Kila nikijaribu stata, taa zote hufa na husikika "tik" moja tu. Ni betri?

Inaweza kuwa betri, lakini fanya kipimo cha swali la 6 kabla ya kuihukumu. Stata hunyonya zaidi ya ampea 100, hivyo huwa ya kwanza kufichua kibanio kilicholegea. Gusa vibanio baada ya majaribio mawili: chenye joto ndicho kibovu.

10. Fyuzi inaungua kila ninapoibadilisha. Nina fyuzi mbili tu zilizobaki.

Usizichome. Zima vifaa vyote, kisha weka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi, waya wake mmoja kila upande. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa haipitishi zaidi ya ampea 1.75, hakuna kitakachoungua. Sasa tenganisha waya wa kifaa kimoja baada ya kingine. Balbu inapozima au kufifia, kifaa au waya uliouondoa ndio wenye shoti. Uache ukiwa umetenganishwa, rudisha fyuzi, na endelea na safari.

Mahali pa kutazama kwanza ni pale waya unapopita kwenye tundu la faiba au ubao bila mpira wa kuukinga, na pale unapolala kwenye maji ya ngama.

11. Naweza kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au waya wa shaba ili tufike tu?

Hapana. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na waya unaoungua kwenye boti ya faiba yenye mapipa ya petroli hauwaachi watu mahali pa kukimbilia.

## Kuwasha tena

12. Betri imekwisha kweli. Tuiwasheje mashine?

Mashine ndogo ya kupachika iwashe kwa kamba yake. Kama kamba ya kawaida imekatika, mashine nyingi zina mfereji juu ya gurudumu wa kuzungushia kamba ya dharura. Hakikisha gia iko huru, na asiwepo mtu nyuma ya mkono wako.

Kama mna betri nyingine, hata ile ya taa, iunganisheni sambamba: chanya kwa chanya, na hasi ya betri nzima kwenye chuma cha mashine, mbali na betri iliyokufa. Mwunganisho huo wa mwisho ndio hutoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kama hakuna betri nyingine, zima kila kitu na ingoje dakika 20 hadi 30. Betri iliyochoka mara nyingine hujikusanyia nguvu ya jaribio moja. Lifanye jaribio hilo liwe zuri kwa kusafisha vibanio kwanza kama inavyoelezwa kwenye swali la 14.

Kabla ya kuunganisha chochote, nusa ngama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Ukisikia harufu, fungua vifuniko vyote, ondoa mafuta yaliyomwagika, na usubiri upepo uitoe.

## Chumvi na nyaya

13. Kwa nini tatizo hili huwapata wenye boti zaidi ya wenye magari, ilhali betri ni zile zile?

Betri zinaweza kuwa zile zile; mazingira hayafanani. Maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo huila shaba kila siku hata chombo kikiwa kimefungwa gatini. Waya wa kawaida wa gari hauna bati juu ya nyuzi zake. Chumvi huingia kwenye ncha iliyokatwa na kupanda ndani ya gamba, na baada ya muda shaba huwa nyeusi na kukatika huku gamba likionekana jipya. Ukiukata waya ukaukuta mweusi, endelea kukata kuelekea nyuma hadi uione shaba inayong'aa. Kuunga kwenye weusi ni kupoteza muda. Mtikisiko nao hulegeza kokwa (nati), hasa zile zenye masikio za kufungwa kwa vidole. Badala yake tumia kokwa za spana.

14. Nivisafisheje vichwa vya betri?

Ondoa hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya na umalizie na hasi. Unga mweupe uoshe kwa maji yenye magadi, ukihakikisha vifuniko vya betri vimefungwa ili yasiingie ndani. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, sugua risasi na kibanio kwa msasa hadi ving'ae, kaza kwa spana, na mwisho paka grisi juu yake.

## Hali zisizo za kawaida

15. Tunavua dagaa kwa taa za betri. Usiku wa manane zote zilizimika mara moja, wala hazikufifia kwanza.

Wavuvi wengi wa dagaa Ziwa Victoria wamehama kutoka karabai kwenda kwenye taa za betri na sola, na swali hili huja nao. Kidhibiti cha sola hukata umeme wa taa volti zikishuka karibu na 11, ili kuiokoa betri. Kidhibiti kilichofanya hivyo si kibovu. Betri ndiyo imekwisha.

Fanya hesabu kabla ya kutoka. Taa 4 za wati 10 hutumia wati 40, yaani ampea 3.3 hivi. Kwa saa 10 hizo ni ampea-saa 33. Betri ya ampea-saa 70 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 35. Taa moja ikiongezwa, hesabu haitoshi. Tena betri ya taa isiwe ile ya kuwashia mashine, kwani mtajikuta gizani mkiwa hamwezi pia kurudi.

Betri za lithiamu nazo hukata ghafla kwa kinga iliyo ndani yake, na mita inaweza kusoma sifuri kabisa. Ondoa vifaa vyote, kisha iunganishe na chaja au sola. Kwa kawaida huamka.

16. Maji ya bahari yameingia kwenye sanduku la betri.

Toa watu karibu nalo na ufungue hewa, kwa kuwa maji ya chumvi yakichanganyika na tindikali ya betri hutoa klorini, gesi yenye sumu. Usiinamie sanduku. Maji yakishatolewa, tenganisha hasi kwa spana iliyozungushiwa mpira, na usiitumie betri hiyo tena hadi ikaguliwe nchi kavu.

17. Umeme umekatika na sasa dizeli haizimiki kwa ufunguo. Au kinyume chake: ilizimika yenyewe.

Ni solenoidi ya kukata mafuta, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mafuta kwa umeme. Zipo aina mbili. Moja huhitaji umeme ili kufunga mafuta. Umeme ukikosekana, mashine haizimiki. Vuta kwa mkono mkono mdogo ulio kwenye pampu ya mafuta. Nyingine huhitaji umeme ili mafuta yaendelee kupita, hivyo fyuzi yake ikiungua mashine hufa. Muulize fundi ya kwako ni ipi, na akuonyeshe mkono huo mchana kweupe.

18. Umeme ulirudi wenyewe baada ya dakika chache. Tuendelee na safari?

Rudini, au fikeni mahali pa karibu penye kinga. Umeme uliorudi bila mtu kurekebisha chochote umerudi kwa sababu kitu kilicholegea kimegusa tena, na wimbi lijalo litakiachia. Meli ya mizigo Dali, yenye urefu wa takriban mita 300, ilipotoka bandari ya Baltimore nchini Marekani tarehe 26 Machi 2024, ilipoteza umeme, ukarudi, ukapotea tena, kisha ikagonga daraja na wafanyakazi 6 waliokuwa juu yake wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba chanzo cha kuzimika mara ya kwanza kilikuwa waya mmoja ambao haukuwa umeingia sawasawa mahali pake.

Mkishafika, msiuache uchunguzi kwa sababu taa zinawaka. Washeni taa zote, mmoja azitazame, na mwingine atikise kila waya, kibanio na swichi kwa zamu kuanzia kwenye betri. Taa zitakapopepesa, acheni mkono hapo hapo na mwite mwenye spana.